Klabu ya Washambuliaji Kumi

Baridi ya Juni ilikuwa inatutafuna kijiweni Katandala, tumekumbatia vikombe vya kahawa vya Mama Otilia, Ebenezer alipoinua simu yake juu. Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Wazee, sikieni hii! Uingereza, enzi za Malkia Viktoria, kulikuwa na klabu ya mpira ya mabwana wakubwa. Mawakili, makasisi, watoto wa matajiri. Ikaishi miaka minne tu, ikafa!"

"Iliuawa na fitina?" akauliza Leonsi, muuza samaki wa ziwani Kipili, ambaye hapa tunamwita Mgebuka, jina la samaki wake.

"Mazoezi hawakufanya. Kwao mazoezi ni kama kuibia mtihani!"

"Kumbe na sisi ni mabwana!" Vitus akagonga benchi. Huyu ndiye kapteni wa Katandala Veterani, timu yetu sote hapa, na kitambaa cha ukapteni havui hata kanisani. "Nani amewahi kutuona mazoezini?"

"Subiri, bwana," Redio akaendelea. "Pasi hawana! Mtu akishika mpira anakokota mpaka anyang'anywe. Wachezaji wanane wako mbele."

"Wanane tu? Waoga hao," Mgebuka akasonya. "Sisi kumi!"

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Lutengano hakucheka. Ni mwalimu kutoka Mbeya, kipa wetu, jina lake la kijiweni Geti.

"Na kipa wao?" akauliza taratibu.

Redio akashusha simu. "Alihamia kwa jirani. Ndiyo ikafa."

"Basi na mimi timu ya Kizwite wameniita. Jumapili nadaka kwao."

Jumapili tunacheza na hao hao Kizwite.

"Geti, kaka yangu, usituue!" Vitus akamshika mkono.

"Nyie ndio mnaniua! Juzi nimefungwa saba, mwanangu Happyness yuko pembeni anahesabu kwa sauti. Nikitafuta beki, naona mbuzi wanakula. Nimeumia, Vitus. Timu hii naipenda kweli. Nipeni mabeki wawili tu, nabaki."

"Wawili tu? Mbona dogo hilo! Haya, mabeki wanyooshe mikono."

Mikono yote ikazama kwenye makoti. Mgebuka akakumbuka samaki wake hajawageuza juani, na jua lenyewe halikuwepo.

"Mimi goti," Redio akasema.

"Goti lipi?" Geti akamuuliza. "Si unakimbia kama swala!"

"Kwenda mbele linakubali. Kurudi nyuma ndiyo linagoma."

Geti akanigeukia mimi. Kikombe changu kilikuwa kitupu, lakini niliendelea kunywa.

"Na wewe, kapteni?"

"Mimi ningekaa nyuma hata sasa hivi," Vitus akapapasa kitambaa, "ila kutoka kule hiki hakionekani."

Geti akamtazama, akaziokota glovu zake benchini, akaondoka bila kuaga. Nilitamani kumwita. Lakini kumwita maana yake kucheza beki, nikaacha.

Tulikaa kama tuko msibani. Kisha uso wa Vitus ukachanua.

"Wazee! Mbona tunahuzunika? Jumapili kipa wao si Geti? Yule anafungwa saba kila mechi! Tumeshashinda!"

Tukashangilia, tukapongezana kwa kupigana mabegani. Mgebuka akaagiza kahawa nyingine kwa wote.

"Na golini kwenu anakaa nani?" akauliza Mama Otilia, birika mkononi.

Kahawa ile hakuna aliyeisubiri. Kila mtu alishika njia yake, na Vitus alikuwa mbele yetu sote.