Vita vya Chumba cha Kutulia

Jumatatu, 3 Februari

Nimenyang'anywa chumba. Tangu nianze kufundisha michezo katika shule hii, stoo ya vifaa imekuwa yangu. Kijumba cha dirisha moja nyuma ya darasa la tatu, kivuli kizuri mchana, na kochi kuukuu ambalo springi moja tu ndiyo inayochoma. Hapo ndipo ninapopangia ratiba. Huipanga nikiwa nimefumba macho. Kila mtu na namna yake ya kufikiri.

Leo kulikuwa na kikao cha walimu. Akasimama Bi Pole. Huyu ni mwalimu mgeni wa darasa la kwanza. Jina nimempa mimi, maana humpa pole kila kiumbe. Juzi alijigonga kwenye dawati, akaliambia dawati pole. Alisema mtoto mdogo hawezi kusoma roho ikiwa juu juu. Aliyeamkia ugomvi nyumbani ukimwandikia hesabu ubaoni haoni hesabu, anaona ule ugomvi. Kwa hiyo anaomba chumba chenye mkeka, mito na vitabu vya picha, mtoto aliyezidiwa akae humo hadi atulie, kisha arudi darasani.

Nikachekea puani. Nikauliza kama watapewa na chandarua. Hakuna aliyecheka. Walimu wa shule hii hawana ucheshi. Mwalimu mkuu akauliza chumba gani kiko wazi. Bi Pole akajibu, kwa sauti laini kama pamba, kwamba stoo ya michezo ina mipira miwili na kochi.

Mipira imehamia chini ya meza yangu. Kochi limehamia barazani, na mvua imelinyeshea.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza sasa nitakuwa nalala wapi. Nimemwambia akae na maswali yake.

Jumanne, 4 Februari

Hila ya kwanza. Hofu. Asubuhi nikiwa na darasa la tatu uwanjani niliteleza ulimi makusudi, nikasema ndani ya hicho chumba kipya kuna panya mkubwa kama paka, na hapendi watoto. Mtoto hahitaji ushahidi. Fununu inamtosha.

Wakati wa mapumziko nikaenda kuona matunda ya kazi yangu. Nikakuta foleni. Shule nzima inataka kumwona panya. Wengine walikuwa wanajifanya wana huzuni ili waruhusiwe kuingia. Kitoto kimoja cha darasa la pili kilikamua macho mpaka kikapata chozi, kikamwonyesha Bi Pole kama tiketi.

Na yeye akawaingiza! Akawaambia wakae kimya, wasije wakamtisha panya wa watu. Wakakaa kimya. Watoto wale wale wanaonifanya nipige filimbi mpaka mashavu yaume walikaa mkekani wameinamisha vichwa, wanasikiliza, naye anawasomea kitabu kwa kunong'ona. Panya wamempa jina. Anaitwa Mjomba. Wanamwachia makombo ya mkate.

Mwalimu mkuu alipita, akasimama mlangoni, akasema hajapata kusikia utulivu kama huu tangu likizo.

Alhamisi, 6 Februari

Jana nilifikiri. Leo nimetenda. Jema likizidi huoza, na mimi nimeamua kukiozesha chumba kile kwa watoto. Ningekijaza mpaka kipasuke.

Kipindi cha kwanza nikampeleka aliyeanguka. Kisha aliyemwangusha. Kisha aliyeshindwa mbio, aliyekataa kukimbia, na mmoja aliyeshinda akaringa kupita kiasi. Aliyekunja uso, nenda. Aliyepiga miayo, nenda. Nilitarajia ndani ya saa moja nisikie mito ikipasuka na mtu akilia kwa uchungu, ikiwezekana Bi Pole.

Hola. Wakubwa walianza kuwasomea wadogo. Bila kuambiwa! Mmoja anayejulikana kwa kung'ata wenzake alitoka humo taratibu, akaenda kumwomba radhi aliyemng'ata, kisha wakagawana chungwa. Kipindi changu cha mwisho hakukuwa na mtu wa kugombezwa. Nilisimama uwanjani na filimbi mdomoni kama bwege.

Jioni mwalimu mkuu akaniinua mbele ya wenzangu. Akasema mwalimu wa michezo ana jicho la mzazi. Ameona watoto ambao sisi sote tuliwapita. Makofi. Bi Pole alipiga kwa nguvu kuliko wote. Nilimchunguza usoni nione kejeli. Hakuna. Alikuwa anamaanisha. Hakuna kitu kinachoniudhi kwa mtu kama hicho.

Ijumaa, 7 Februari

Habari mpya. Afisa elimu atakuja Jumatano kukagua chumba. Akikipenda, kinakuwa cha watoto moja kwa moja. Akikichukia, stoo inarudi kuwa stoo na mimi narudi kufikiri.

Nahitaji shahidi. Mtoto mmoja tu wa kulia mbele ya mgeni na kusema chumba kinamtisha. Nimemchagua Redio. Ni msichana wa darasa la tatu. Shule nzima inamwita hivyo kwa sababu hufunguka pamoja na geti na hazimiki. Mtoto anayeweza kukusimulia harusi ya jirani kuanzia kuku wa kwanza kuchinjwa hadi viti kurudishwa, bila kuvuta pumzi, hashindwi kuigiza kitu kidogo kama kilio.

Bahati imenikalia. Siku hizi Redio imepunguzwa sauti. Nilimkuta ameketi peke yake ukutani, mkoba mapajani, wenzake wanaruka kamba. Nimefurahi. Hatimaye mtoto huyu anafundishika. Nikamwahidi kwamba akifanya vizuri atashika filimbi yangu wiki nzima. Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza hata swali moja. Laiti walimu wangekuwa hivyo.

Jumatatu, 10 Februari

Mazoezi, nyuma ya tangi la maji. Redio hajui kulia. Anakunja uso kama mtu aliyeingiwa na kokoto kiatuni. Ikabidi nimwonyeshe. Mimi nalia vizuri, sijisifu. Nilitikisa mabega, nikavuta makamasi, nikafika mahali pa kuomboleza. Mtunza bustani akachungulia kuuliza ni nani amefariki. Nikamwambia ni mafua.

Redio alinitazama kwa makini sana. Kisha akanipa leso yake.

Nikamweleza siri ya waigizaji. Mtu huwaza jambo la huzuni, machozi yakaja yenyewe. Nikamuuliza kama analo lolote. Akaangalia viatu vyake. Akasema lipo. Nikamwambia vizuri sana, alitunze hadi Jumatano, asije akalitumia kabla ya wakati.

Ualimu ni kipaji.

Usiku huu mke wangu ameuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamdokezea kidogo. Akauliza hilo jambo la huzuni la mtoto ni lipi. Nitajuaje mimi? Akauliza tena, hukumuuliza? Alinitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyoungua, anapojiuliza kama itasuguliwa au itatupwa. Mke wangu ni mtu mwema lakini sanaa haijui.

Jumatano, 12 Februari

Sijui nianzie wapi.

Afisa elimu alifika. Mfupi, mpole, soksi zina tundu. Nimeziona soksi kwa sababu alivua viatu akaketi mkekani kama mtoto. Mtu mzima! Mwalimu mkuu ikabidi naye aketi, magoti yakalia kama mlango. Bi Pole alieleza. Mgeni aliitikia. Niliona mambo yanaenda mrama, nikaingia na Redio mkononi. Nikasema huyu hapa ana neno kuhusu chumba hiki. Kisha nikakuna pua, ndiyo ishara tuliyokubaliana.

Akaanza. Mwanzoni nilijipongeza. Baadaye nikaona anapitiliza. Kile hakikuwa kilio nilichomfundisha. Changu kilikuwa na sauti. Chake kilikuwa kimya, na kilimtikisa mwili mzima.

Afisa akamuuliza, "Mwanangu, chumba hiki kinakutisha?"

Akakataa kwa kichwa.

"Bibi amepelekwa hospitali," akasema. "Nyumbani hawaniambii kama atarudi. Nikiuliza wananiambia niende nikacheze."

Bi Pole akasogea, akaketi karibu yake, hakumgusa. Akamuuliza bibi alipelekwa lini. Redio akasema muda mrefu, hata kabla ya panya. Akaulizwa mbona hakumwambia mtu.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Mwalimu wa michezo peke yake. Aliniuliza kama nina jambo la huzuni. Akaniambia nilitunze mpaka leo."

 Nikapima umbali wa mlango. Mbali.

Afisa akageuka, macho yamelowa. Akainuka na soksi zake, akanipa mkono, akanishika kwa mikono yote miwili. Akasema katika kazi yake yote ya kutembelea shule hajaona mwalimu mwenye subira namna hii. Kumuuliza mtoto, kutomlazimisha, kumpa muda, kisha kumleta mwenyewe mahali salama aseme la moyoni. Mwalimu mkuu alikuwa anapangusa macho kwa tai.

Nikasema ni wajibu tu.

 Bi Pole alimchukua Redio wakaenda ofisini, wakapiga simu nyumbani kwao. Shangazi yake akaja akiwa bado na kanga ya jikoni. Kumbe bibi alivunjika nyonga, amepasuliwa, anaendelea vizuri, ni suala la siku tu. Walimficha mtoto ili asiwe na wasiwasi. Shangazi akamweleza yote, polepole, mpaka chumba cha wodi kina vitanda vingapi. Redio alisikiliza hadi mwisho. Kisha akalala fofofo kwenye mkeka mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Watu walipotawanyika Bi Pole alinifuata barazani. Akaniuliza Redio alitakiwa kusema nini hasa. Nikamjibu hizo ni mbinu za kitaalamu, si kila mtu ataelewa.  Akasema pole.

Ijumaa, 14 Februari

Chumba kimepitishwa. Na afisa ametoa agizo kiwe na mlezi, na mlezi huyo niwe mimi. Bi Pole ana darasa lake. Vipindi vya michezo vimegawanywa ili nipate nafasi.

Kwa hiyo nimerudishiwa chumba changu. Ninakaa humo asubuhi yote, kwenye kigoda cha mtoto wa miaka sita, magoti yangu yakiwa jirani na masikio. Na wanakuja. Mmoja paka wake amekufa. Mmoja wazazi wake hawasemezani, yeye ndiye anayepeleka maneno chumba hadi chumba. Mmoja hajui ana nini. Namuuliza kila mmoja ana nini, kwa sababu sina swali jingine. Wanasema. Wanasema mpaka yanawaisha, wanashusha pumzi, wanarudi darasani kusoma. Hakuna hata mmoja aliyengoja ushauri wangu, na nilikuwa na ushauri mzuri.

Redio naye alikuja. Hana huzuni. Bibi amerudi, anatembea na mkongojo na tayari anaamrisha nyumba nzima. Nilisimuliwa yote kuanzia geti la hospitali, dereva, blanketi, rangi ya blanketi, na bei ambayo blanketi lilistahili kuwa nayo. Sikupata hata lepe la usingizi. Kengele ilipogonga nilishangaa, nilidhani bado mapema.

Labda ni joto.

Jumatatu, 17 Februari

Heshima imekuja! Afisa elimu anataka Ijumaa hii nizungumze mbele ya walimu wa shule zote za eneo hili. Nieleze jinsi ya kumfungua mtoto aliyejifungia. Nije na watoto wawili hivi, niwaonyeshe kwa vitendo. Bi Pole alijitolea kunisaidia kuandaa. Alisema jambo la maana ni kuuliza na kusikiliza, hata nikisema hayo mawili tu yanatosha. Nikamshukuru, nikamwambia aniachie mwenyewe. Hotuba ya maneno mawili! Watu watatoka mbali.

Nikaenda kutafuta watoto wa mfano. Chumba kitupu. Nikangoja. Kitupu. Nikapita madarasani. Darasa la kwanza wanaimba. La pili wanahesabu maharagwe, na wanayahesabu sawasawa. La tatu wanacheka, Redio akiongoza. Aliyefiwa na paka ameletewa mwingine. Hata yule mng'ataji ana marafiki wanne. Nilimshika mmoja aliyekuwa ameinama kwa majonzi, kumbe anafunga kamba ya kiatu.

Hii ni hujuma. Mwanamke yule ameniacha bila hata mtoto mmoja wa kufariji, na Ijumaa haiko mbali.

Lakini sijashindwa. Kuanzia kesho nafuta michezo yote, na mapumziko nayapunguza. Nitawaambia ni amri kutoka juu. Kufikia Alhamisi sikosi wawili watakaolia, pengine hata watatu, nami nitakuwa palepale.

Nimemwambia mke wangu. Akaacha kukunja nguo. Akauliza, kwa hiyo utawaliza ili uwabembeleze?

Nikamwambia hatimaye amenielewa.