Mimi Dhidi ya Wenye Pompo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshtakiwa! Na si na mtu wa hivi hivi. Na Tamagiri, kampuni kubwa ya michezo ya video, wenye Pompo, yule kiboko wa katuni mwenye buti jekundu, ambaye mwanasesere wake nililala naye kitandani hadi nikaota ndevu. Bahasha imeletwa dukani na mwanamume mwenye adabu kupita kiasi. Nimempa kahawa, akakataa, akaondoka upesi.

Wanasema nafungua mashine zao na kutia chipu ili watu wacheze bila kununua mchezo. Kweli natia. Lakini jamani, walivyoandika! Kila aya ina namba yake. Jina langu limo lote, hata la katikati, ambalo padri mwenyewe hulisahau. Wanataka mahakama ilifunge duka. Bango la nje limeandikwa "Skowronek na Mwana". Mwana ni mimi. Baba alitengeneza redio humo hadi alipofariki, nami nimekulia chini ya meza yake. Bila duka lile sijui niamke niende wapi.

Dada Lorraine, mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno, kasema nitafute wakili. Nimecheka sana. Nani anaijua kesi yangu kuliko mimi?

Jumanne, 4 Machi

Siku ya paczki, yale maandazi ya Kipolandi yenye jamu ndani, kesho Kwaresima. Lorraine kaleta boksi zima, jamu inachuruzika. Nimekula huku naandika majibu ya kesi. Sheria inataka ujibu kila aya: unakubali au unakana. Bwana mmoja mtandaoni ajiitaye Simba wa Sheria anasema siri ni moja tu: kana kila kitu, usiwape hata chembe. Aya ya kwanza, nakana. Ya pili, nakana. Nikachoka kusoma, nikawa nakana tu. Raha iliyoje!

Lorraine kaokota ukurasa wenye doa la jamu. "Duane wee, huu ni utetezi au kifungua kinywa?" Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Lorraine anajinyima peremende hadi Pasaka. Mimi nimemwambia padri najinyima wakili. Kasema haihesabiki.

Nimepeleka majibu mahakamani, majivu yakiwa bado usoni. Karani, mama mwenye miwani ya mnyororo, kasoma ukurasa wa kwanza, kanitazama, kasoma tena. Nikamwuliza anaonaje. Kasema haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Lakini alivyovuta pumzi! Nimemgusa moyo yule mama.

Jumatatu, 10 Machi

Yesu na Maria! Ile mahakama! Marumaru mpaka chooni. Dari iko juu hadi shingo inauma. Nilivaa suti ya baba nikajiona mdogo kama nimerudi chini ya meza.

Upande wa pili, Bi Abernathy, wakili wa Tamagiri, na vijana wake wakivuta masanduku ya magurudumu. Yote hayo kwa ajili yangu! Kaja kunipa mkono. "Habari za asubuhi, Bwana Skowronek." Jina kalitamka sawasawa! Nje ya mtaa wetu hakuna aliyewahi kuliweza. Nusura nihamie upande wake.

Kaingia Jaji Okerlund, mama mfupi, na ukumbi mzima ukasimama kwa pamoja. Mwili ulinisisimka.

Kaniuliza kama mimi ndiye Duane Skowronek. Nikasema ndimi, Mheshimiwa. Kasema aya ya kwanza inasema hivyo hivyo, nami nimeikana. Akauliza kama naishi hapa mjini Toledo. Naishi, Mheshimiwa, tangu kuzaliwa. Kasema nimekana hilo pia. Je, duka la Skowronek na Mwana ni langu? Nikajibu kwa fahari kwamba ni langu, na kabla yangu la baba.

"Umekana," kasema. "Sasa nisaidie, Bwana Skowronek. Hawa wanataka nilifunge duka. Wewe umeniandikia kwamba si lako. Nikilifunga leo, wewe unaumia wapi?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri namna ile. Niliduwaa kwa uzuri wake hata nikasahau kwamba anayetakiwa kujibu ni mimi. Kisha nikaiona meza ya baba imefungiwa gizani. Nikasema, "Ni langu, Mheshimiwa. Tafadhali."

Jaji kanipa hadi mwisho wa wiki nizungumze na Bi Abernathy, au niandike majibu mapya. "Na safari hii usome kwanza," kasema.

Ijumaa, 14 Machi

Ofisi ya Bi Abernathy iko juu kabisa, Mto Maumee unaonekana wote. Kanipa biskuti. Masharti: nikabidhi chipu zangu zote, na nisiguse tena kitu chochote cha Tamagiri, iwe mashine, iwe mchezo, iwe hata picha ya Pompo. Duka libaki. Kanisomea mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa natazama kalamu yake. Nzito, nyeusi, ya heshima. Kaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nakubali, nikasaini, akaniachia kalamu!

Duka ni letu. Lorraine kalia mbele ya wagonjwa wa meno. "Sasa tulia, kaka'angu. Nakuomba. Tulia tu."

Jumapili, 16 Machi

Nimetulia hadi saa nne asubuhi.

Ndipo nikawaza: watu wakubwa kiasi kile wamenihurumia, nami nikae kimya? Nimenunua rangi. Kioo chote cha duka sasa ni Pompo, buti jekundu linang'aa, ananipa mkono. Juu yake: TAMAGIRI NA SKOWRONEK, MARAFIKI. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivi. Nimemtumia Bi Abernathy picha awaonyeshe wakubwa zake.

Jumatatu, 17 Machi

Kaja yule mwanamume wa bahasha! Kasimama nje akimtazama Pompo kwa muda mrefu, akampiga picha kila upande. Nimeguswa. Safari hii kahawa kaipokea, na kaniangalia kwa huruma ya kindugu kabisa.

Bahasha ni nene kuliko ya kwanza. Wamejibu upesi ajabu! Kila aya ina namba yake, na jina langu la katikati limo. Lorraine kapiga simu, nikamwambia nina kazi. Nimemwuliza Simba wa Sheria. Anasema kama kukana hakukufaa, basi siri ni moja tu: kubali kila kitu.

Nimeshaanza, kwa kalamu ya Bi Abernathy. Aya ya kwanza, nakubali. Ya pili, nakubali. Nimechoka kusoma, sasa nakubali tu. Raha iliyoje!