Kihori Changu na Pezi la Kupanda na Kushuka

Jumapili, 1 Septemba 1957. Chumbageni.

Aibu! Kihori nilichokiunda kwa mbao za masanduku ya chai kimeshushwa majini leo mbele ya watu wote waliotoka kanisani. Kinaelea. Hilo hawalisemi. Wanasema tu kwamba upepo wa kusi ulipokipiga ubavuni kiligeuka chenyewe, nikawa napiga kafi kuelekea kisiwani huku naenda kwenye mikoko. Nilikumbatia mzizi mpaka kaka yangu Ernesti alipokuja kunitoa kwa kuogelea. Mimi siogelei. Mtu wa milimani angejifunzia wapi?

Mzee Hashil, mwenye ngalawa tatu, alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia kwamba Jumapili ijayo kihori hiki kitafika kisiwani na kurudi kabla ya ngalawa yake yoyote. Akasema nikishinda atanipa kazi ya ufundi kwake pwani. Watu wamesikia. Siwezi kurudi nyuma. Tena kazi naihitaji. Huu mwezi wa pili tangu nifukuzwe karakana ya mkonge kule Pongwe. Nakula kwa Ernesti, na mkewe Lea ameanza kunipakulia ukoko.

Jumanne, 3 Septemba.

Nimepata! Kihori hakina kitu cha kukishika majini upande wa nyuma. Kinataka pezi, kama la papa, ila chini ya tumbo. Lakini pezi lisilosogea litakwama mchangani maji yakipwa. Basi langu litapanda na kushuka. Ukivuta kamba, linajificha tumboni. Ukilegeza, linashuka lenyewe. Hashil hajawahi hata kuota kitu kama hiki.

Chuma nimepata pia: sinia zito la Lea la kuuzia vitumbua. Nimekata nusu tu. Lea alilia. Nikamweleza kwamba nusu iliyobaki bado inabeba vitumbua kumi na viwili. Hakushukuru.

Alhamisi, 5 Septemba.

Nimelitoboa tumbo la kihori kwa msumeno. Moyo uliniuma. Juu ya tundu nimejenga kijumba cha mbao, nikakitia kalafati ya pamba na lami. Maji bado yanaingia, lakini kwa adabu. Pezi nimelinoa ukingo kwa tupa ili likate maji vizuri. Kali kama wembe. Kazi safi!

Nimelijaribu uani. Mara kumi na moja lilipanda na kushuka. Mara ya kumi na mbili likanasa. Nikaacha kujaribu.

Jumamosi, 7 Septemba.

Hashil kapita. Shikamoo ilinitoka kwa shida. Akachungulia, akaishika kamba.

"Tadeo mwanangu," akasema, "katani ikilowa huvimba. Na hili tundu la kupitishia kamba ni dogo. Weka mnyororo."

Wivu mtupu! Nikamjibu kwamba hilo nilikwisha kulifikiria. Sikuwa nimelifikiria. Mnyororo siweki ng'o.

Jioni kifua kimenibana. Nimemwomba Ernesti aende badala yangu. Yeye anaogelea, na miaka yote ya kupakia marobota bandarini imempa mikono. Lea alikataa. Ernesti akasema mdogo wake ni mmoja tu, amwachie nani; atakwenda.

Jumapili, 8 Septemba.

Sijui niandikeje.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Kihori kilinyooka kama mshale! Nilikuwa ufukoni narukaruka, kifua nimekisahau. Ngalawa ya Hashil ilikuwa nyuma kabisa. Yaliyofuata kanieleza Hashil mwenyewe. Karibu na kisiwa maji yalikuwa yamepwa, mwamba uko juu. Ernesti akavuta kamba kama tulivyoagana. Haikuja. Akaingiza mkono kijumbani ili alipandishe pezi kwa vidole. Wimbi likakiinua kihori, likakibwaga juu ya mwamba. Pezi likapanda lenyewe.

Hashil aliangusha tanga, akaruka majini, akampakia. Alirudi naye amemfunga mkono kwa kilemba chake. Ernesti hakupiga kelele. Aliniuliza kama kihori kimepona.

Jumanne, 10 Septemba.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda, cha shahada na cha kati. Daktari amesema havikuwa vya kushona. Lea amekaa mlangoni pa wodi tangu jana. Nilimwambia tumshukuru Mungu, ungeweza kuwa mkono mzima. Hakuinua hata sauti.

"Shemeji," akasema, "hivyo vidole ndivyo tulivyokuwa tukila. Na wewe ulikuwa ukila."

Nimekaa nje ukutani mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha. Nimelia kidogo.

Ijumaa, 13 Septemba.

Ernesti ametoka hospitali jana, na leo msimamizi wa makuli ameleta habari kwamba asirudi kazini. Kulabu ya marobota haishikiki kwa vidole vitatu.

Alasiri Hashil akaja nyumbani. Nikajua tu: moyo umemlainika, kazi yangu imefika! Nikavaa shati la kanisani. Akanipita mlangoni, akaketi kitandani kwa Ernesti, akamwomba awe mwangalizi wa ngalawa zake. Alisema kazi hiyo haihesabu vidole, inataka mtu mwaminifu. Ernesti akageukia ukuta, mabega yakimtetema. Lea akamletea Hashil chai. Mimi sikuulizwa hata hali.

Jumapili, 15 Septemba.

Wavuvi wamekirudisha kihori. Nimekichunguza tangu asubuhi, misa imenipita. Na kosa nimeliona! Si kamba, hata kidogo. Pezi lilikuwa moja, likaachiwa kazi yote peke yake. Yanatakiwa mapezi mawili.

Sikuweza kusubiri. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Ernesti, nikamchorea ukutani kwa mkaa. Nikamwonyesha kwamba kijumba cha pili nitakiweka upande wa kushoto, makusudi, ili akifikie kwa mkono uliopona.

Aliuingiza mkono huo chini ya shuka. Nadhani amevutiwa sana.