Kifundo Kimoja Hakihukumu Miguu Miwili

Ndugu Mhariri,

“Ganda linalofunika mishipa yako ya fahamu limeharibika, Baba Huruma. Ndiyo maana miguu ina ganzi.” Hayo ni maneno ya Daktari Christopher, aliyenikata kipande cha mshipa, urefu wa korosho mbili, juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Anataka nianze dawa mara moja kabla miguu haijashindwa kabisa. Nimekataa, na sababu ni hizi:

1. Huu ni mwaka wa kumi na tisa napima ubora wa korosho ghalani, hapa Kitangari. Sijapata kuchoma bambo kwenye gunia moja, nikatoa sampuli, kisha nikakataa mzigo mzima. Wakulima wa Mnyambe wangenifungia humo humo ghalani. Daktari amekata kifundo kimoja, akahukumu miguu miwili, na sasa ameanza kuitazama mikono.

2. Majibu ya maabara yanasema ganda hilo limechunika na kuota tena mara nyingi, hadi mshipa una matabaka kama kitunguu. Sijawahi kulima kitunguu. Marehemu baba hakulima kitunguu. Nani kachanganya sampuli?

3. Niliomba kuliona ganda lenyewe. Akanijibu, “Mzee wangu, hilo ni la darubini, si la macho.” Mimi korosho mbovu naipasua mbele ya mwenyewe, anaiona, ananitukana, tunaelewana.

4. Sampuli yangu haikulinganishwa na mshipa wa mtu mwenye afya. Nilimwomba daktari naye akatwe. Nesi Dominika alicheka mpaka akakaa chini: “Baba Huruma, huyu akikatwa, nani atamshona?” Hilo si jibu la kitaalamu.

Kwa hiyo wagonjwa wote wa ganzi, kuanzia Newala hadi Masasi, nawaomba msivue soksi mpaka daktari avue zake kwanza.

Nawasalimu wote hapo ofisini, hata wale waliowahi kunikatia barua zangu katikati.

Wako asiyeyumba,
Benedikto, Baba Huruma
Kitangari

N.B. Nikiwa nakunja karatasi, Mama Huruma ametoka ndani mbio: “Baba Huruma, unachoma nini?” Nikamwambia sichomi kitu, naandika. Kumbe mguu wangu umeegemea jiko la mkaa, na soksi imeshaungua yote. Ni mguu wa kulia. Ndugu Mhariri, barua hii usiichapishe. Mpelekee Daktari Christopher. Na wewe daktari, niwekee hiyo dawa. Kesho asubuhi nakuja na bodaboda.