Ombi la Kurudishiwa Mume Wangu Jinsi Mlivyompokea

Kwa Mwenyekiti, Bwana Uzair Abeid,
Klabu ya Ufasaha ya Wanaziwa,
Kisumu.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: HASARA ILIYOTOKANA NA UFUPI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa zako, na biashara yako ya mabati pia. Sikuandikii kwa hasira. Nilisubiri hasira ipoe, kisha nikasubiri tena ili nihakikishe kwamba kilichobaki ni hoja. Sina hakika kamili hata sasa. Lakini nimeshauriana na nafsi yangu, na tumekubaliana, kwa tofauti ndogo ya kura, kwamba klabu yako imetukosea.

Mimi ni mke wa Bwana Obonyo, yule mgeni mrefu mwenye koti la kahawia aliyehudhuria kikao chenu cha Alhamisi ya wiki jana. Nilikaa safu ya nyuma, karibu na birika la chai. Huenda hamkujua mliyempokea ni nani. Obonyo ni msemaji wa ukoo wetu kule Asembo Bay. Kukiwa na mazishi, mahari au ugomvi wa mpaka, yeye ndiye husimama. Alikuja kwenu kwa sababu binti yetu, Winny, anatarajia kuolewa Desemba na kijana wa Mzee Wesonga wa Port Victoria, na baba alitaka siku hiyo aseme vizuri kuliko alivyowahi kusema. Mwenye ng'ombe mnono hamwiti daktari wa mifugo. Sisi tulimwita.

Nayapanga malalamiko yangu kwa nambari, kwa kuwa nina tabia ya kuwaonea huruma ninaowashtaki nikifika katikati.

1. Kuhusu salamu. Mlimwita mume wangu mbele, mkampa dakika saba azungumzie mtu anayemheshimu. Alianza kama watu wanavyoanza. Akamtambua mwenyekiti. Akawatambua wazee waliokuwepo na wale ambao wangekuwepo kama si magoti. Akawatambua akina mama, vijana, mwenye jengo, majirani wa duka la vitambaa lililo chini ya ukumbi, aliyepika chai, na wageni waliotoka mbali, yaani mimi. Ndipo akakohoa ili aanze. Hapo Bi. Zeituni, mtunza muda wenu, akainua kadi nyekundu, na ukumbi mzima ukapiga makofi ya kumketisha. Bwana Mwenyekiti, kwetu makofi hayamketishi mtu. Obonyo aliendelea kusimama akishukuru, nao wakaendelea kupiga, naye akaendelea kushukuru, hadi wewe mwenyewe ulipomshika mkono na kumwonyesha kiti.

2. Kuhusu kengele. Bwana Wakhisi, ambaye sina shaka ni mtu wa watu, alikuwa amekabidhiwa kengele ya kugonga kila mzungumzaji anapotumia maneno ya kujazia, kama "yaani" na "eeh". Katikati ya salamu zile mume wangu alijitaja kidogo: "Mimi mjukuu wa Ochieng, fahali asiyefungwa kwa kamba moja!" Bwana Wakhisi akagonga. Kujitaja kwa sifa si neno la kujazia. Katika shughuli zetu mtu husimamisha hata muziki ili ajitaje, na waliokaa humshangilia kabla ya kujitaja wao. Nilijitahidi kuuona upande wa pili: pengine kwa sikio lisilozoea, fahali ni kelele tu. Lakini ile kengele iligongwa mara mbili, na nina hakika ya pili ilikuwa ya marehemu babu yake.

3. Kuhusu tathmini. Mkosoaji wenu, dada Caren, kijana mwerevu ambaye katika mazingira mengine ningempenda, alisimama akasema: "Baba, salamu zako zina afya nzuri sana. Hotuba yenyewe ndiyo hatujaiona. Labda bado iko njiani." Watu wakacheka. Obonyo naye akacheka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kisha dada Caren akampa dawa: "Ruka salamu. Sema mambo matatu. Keti." Tulirudi nyumbani akiirudia dawa hiyo kama mtoto aliyetumwa dukani. Nikamwambia, "Baba Winny, hayo ni ya Kisumu. Usiyapeleke Asembo." Akanijibu, "Mama Winny, ufasaha hauna kata." Nilisomea falsafa chuo kikuu, na usiku kucha nilikuwa bado naitafuta kasoro ya sentensi hiyo.

4. Kuhusu mazishi. Jumamosi tulimzika Beldina, shangazi wa mume wangu, aliyeuza samaki Asembo Bay maisha yake yote. Wakwe zetu watarajiwa walitoka Port Victoria kwa gari la kukodi: Mzee Wesonga, ndugu zake, wake zao, na gunia la sukari la kutufariji. Waliketi safu ya mbele, migongo imenyooka. Anayeyajua mazishi yetu anajua kwamba mkwe haji kusikiliza hotuba. Huja kulisikia jina lake likitajwa mbele ya watu. Asiyetajwa hakuja.

Obonyo akasimama. Akasema shangazi alikuwa na sauti kubwa, mizani ya haki na moyo laini. Akaketi.

Kimya cha namna ile sijapata kukisikia Asembo. Wapishi walitoka jikoni mbio wakitazama juu, wakidhani mvua imewakatiza watu, kwa maana wao huinjika maji ya ugali msemaji anapoanza salamu na kuyakuta yamechemka anapofika kwa marehemu. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza, "Kwani ameshikwa na tumbo?" Jirani yake akamjibu, "Tumbo gani? Huyo anajua kitu kuhusu marehemu." Kufikia jioni kitu hicho kilikuwa na matoleo kadhaa, na katika mojawapo marehemu alikuwa na nyumba ya ghorofa Kampala. Frankline, binamu wa mume wangu, ambaye amekitamani kipaza sauti kile tangu ujana wake, alikinyakua "ili kuziba pengo". Aliliziba hadi jua likachwea. Lakini kwa kuwa alikuwa akijitaja mwenyewe, hakubakiwa na nafasi ya kuwataja wakwe.

Mzee Wesonga hakula. Alivaa kofia yake, akamwambia Winny kwa upole, na upole huo ndio ulioniogopesha: "Binti yangu, sisi tulikaa pale mbele tukiwa wazima. Naona tumezikwa pamoja na shangazi yenu." Gari likaondoka. Tangu hapo hakuna neno kutoka Port Victoria. Desemba haitajwi. Winny, ambaye alikuwa akiimba hata akiosha sufuria, sasa anaziosha kimya, na anaziosha mara mbili.

5. Kuhusu yatakayofuata. Hapa naomba unifuate polepole, kwa sababu nami nimejifuata polepole. Msemaji akiwa mfupi, mazishi yatakwisha mchana. Mazishi yakiisha mchana, waliogombana hawatapata muda wa kuchoka kununiana na kupatana. Vijana nao hawatapata muda wa kuonana. Mimi na Obonyo tulionana wakati wa hotuba ya babu yake. Ingalikuwa ya mambo matatu, tungalipishana langoni. Pasipo kuonana hapana ndoa, pasipo ndoa hapana watoto, na pasipo watoto, Bwana Mwenyekiti, hiyo klabu yenu itamfundisha nani? Nakiri kwamba kiungo kimoja cha mnyororo huu ni dhaifu. Nimeukagua mara kadhaa, na sijajua ni kipi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

(a) Klabu imrudishe mume wangu katika hali iliyompokea nayo, na imwambie hadharani kwamba Alhamisi ile mlikuwa mkitania.

(b) Ujumbe wa klabu, ukiuongoza wewe, uende Port Victoria ukawasalimu wakwe zetu mmoja mmoja, kwa jina, kwa ukoo na kwa hali ya mifugo yao. Bi. Zeituni anaweza kufuatana nanyi, ila abaki nje na kadi zake.

(c) Dada Caren aletwe Asembo amsikilize Frankline tangu mwanzo hadi mwisho, na asiruhusiwe kutathmini.

Ningependa mjibu upesi. Asubuhi hii Obonyo amempakia Winny garini, wamekwenda Port Victoria kuomba radhi. Nilimsihi angojee ujumbe wenu, hakunisikia. Kwa jinsi mlivyomfanya, atasema "Samahani," ataketi, na ndoa ya mwanangu itakuwa imevunjika kabla hawajaletewa maji ya kunawa.

Nisalimie Bi. Zeituni, Bwana Wakhisi na dada Caren. Msalimie mwenye jengo, watu wa duka la vitambaa na aliyepika chai, ambayo ilikuwa nzuri. Wasalimie wanachama waliopiga makofi, na yule mmoja aliyekuwa amelala. Nimewataja wote, na kama unavyoona, hakuna aliyedhurika.

Ni mimi, nisiye na kinyongo ila kidogo,

Dorca Akello (Mama Winny)

Baada ya kutia sahihi: Barua hii ilichelewa kwa kukosa bahasha, na kesho yake jioni Winny akanipigia simu. "Mama," akasema, "baba bado anasalimu." Kwa kuogopa kumwacha mtu tena, aliwaamkua wenye boma, akahamia kwa majirani, akateremka ufuoni kuwatambua wavuvi, akarudi kusimama penye makaburi ya mababu wa Wesonga na kumtaja kila mmoja. Mzee Wesonga alimsamehe walipokuwa wangali makaburini, lakini Obonyo akamwomba asiharakishe, kwani radhi yenyewe walikuwa hawajaifikia. Watoto wa boma wamelala na kuamka, wamemkuta kwa wajomba.

Kisha Mzee Wesonga mwenyewe akaichukua simu, sauti imemkauka. "Mama Winny, harusi ipo, usiwe na wasiwasi. Binti yenu ni wetu. Lakini nasikia huko Kisumu kuna watu wanaofundisha wanaume kuketi. Tafadhali, huyu asikose hata Alhamisi moja. La sivyo, hiyo Desemba yetu itaisha tukiwa bado kwenye salamu." Nyuma yake nilimsikia Winny akiimba, na juu ya wimbo wake, baba yake akiulizia hali ya kuku.

Basi naomba mumpokee tena, Bwana Mwenyekiti, wiki hii ikiwezekana. Hoja zangu zote tano bado naziona imara. Nawasihi tu msizifuate.