Naomba Chapa kwa Ajili ya Kundi Langu

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Leo nimekuwa mtu mkubwa! Wenzangu hawajajua bado, lakini nimekuwa. Mwalimu Asheri, mkuu wetu wa shule, ametusomea tangazo kutoka Same: ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ina fungu la kuwasaidia wanafunzi wenye mradi mpya. Mradi ninao! Gazeti la Sukari. Habari zinapigwa chapa juu ya mifuko ya kaki ambayo Yahaya, mwenye duka Same, hufungia sukari. Mtu ananunua sukari, anapata na habari. Nani Upareni hanywi chai?

Mwalimu amesema nikikosa msaada, gazeti langu la mkono lifungwe, maana linamaliza madaftari ya shule. Nami nitapewa kazi ya kunakili nyimbo za kwaya. Mimi Gideoni, ninakili nyimbo!

Jumatano, 5 Agosti
Barua. Nimechana mbili. Reginald wa Suji, ambaye naye anaomba, kapita nyuma yangu mara tatu akijifanya anatafuta kalamu. Nikapata akili: neno "gazeti" nimelifuta kila mahali. Aibe nini sasa? Nimeandika kwa Kiswahili kizito: "Mimi ni kijana wa milimani mwenye kundi la vichwa kumi na viwili, vyote vyenye afya. Twatangatanga bila chapa. Naomba chapa, ili mali yetu ijulikane kutoka Vudee hadi Lembeni." Vichwa ni sisi waandishi. Mali ni maandishi yetu. Tamu!

Mwalimu Asheri kasoma, kakuna kidevu, kasema ingefaa kulitaja gazeti walau mara moja. Nikamjibu kwa heshima kwamba mwenye macho haambiwi tazama.

Barua ya Reginald nimeichungulia. Anaomba mashine ya stensili ya kutolea matangazo ya shule. Mistari minane tu! Maskini.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimeshuka Same kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Karani nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasoma, uso ukamng'aa. Akauliza kundi linakula nini. Makande, nikasema, na Jumapili ndizi. Akaandika. Akauliza linalala wapi. Nikamwambia ndani, kila mmoja na kitanda chake. Akatikisa kichwa, akasema watu wa milimani tunajua kutunza mali. Nilijisikia vizuri sana.

Yahaya kanipa mifuko mia ya kujaribia.

Ijumaa, 14 Agosti
Jibu! Lina muhuri! Ombi langu la chapa limekubaliwa. Mtumishi ataileta Jumatatu, na kundi zima liwepo. Nimecheza mbele ya jiko mpaka mpishi kanifukuza. Reginald hajajibiwa. Nimemwahidi, kwa upole, kazi ya kusafisha wino. Akauliza kwa nini kundi zima liwepo. Wivu huo.

Jumatatu, 17 Agosti
Tulijipanga mstari, kumi na wawili, mashati yamepigwa pasi. Mtumishi mwenyewe, Bwana Melkizedeki, akapanda mlima na chuma kirefu na gunia la mkaa. Akauliza kundi li wapi. Nikajipiga kifua: ndio hawa. Akauliza tena, polepole. Nikamhesabia vichwa kwa kidole. Akatutazama, akaitazama barua, akakitazama chuma chake.

Kumbe ni mtu wa idara ya mifugo! Kaleta chapa ya ng'ombe!

Eliaichi, mwandishi wetu wa michezo, alipoona mkaa unawashwa, aliruka ua. Amepatikana saa tisa mgombani, akitetemeka. Bwana Melkizedeki alisema chapa imekwisha kuandikwa kwa jina langu, hairudi. Nimetia sahihi.

Jumanne, 18 Agosti
Nimejaribu. Chuma kikipashwa kidogo tu, kwa nini kisichape? Kimetoboa mifuko kumi na saba na meza moja. Mwalimu Asheri amelifunga gazeti. Nililia kidogo, nyuma ya choo.

Mchana ikafika mashine ya Reginald, nyeusi, inang'aa. Ubaya ni kwamba hakucheka. Alisema yeye hajui kuandika kitu ila matangazo. Mwalimu amekubali Gazeti la Sukari litokee kwenye mashine hiyo, mimi niwe mhariri. Mhariri, juu ya mashine ya mtu wa Suji! Nimemkatalia.

Jumamosi, 22 Agosti
Nimelijua kosa! Si langu, ni la neno "chapa". Leo nimeteremka tena Same na barua mpya, haina gazeti wala chapa: "Mimi na mwenzangu tumelibeba tunda hili miezi minane. Ni letu la kwanza, na limekaribia kutoka. Huku milimani hatuna msaidizi. Twaomba msaada litoke salama." Tunda ni gazeti letu, mwenzangu ni Eliaichi.

Dirisha jingine, karani mwingine. Mtu wa maana sana! Akauliza mwenzangu anaendeleaje. Nikawaza, huyu anamjuaje Eliaichi? Nikamwambia ukweli, kwamba tangu Jumatatu ana kizunguzungu na hali chakula vizuri. Karani akainuka kitini, akagonga muhuri wa HARAKA, akaniuliza kwa nini nimechelewa kuja. Jumatano atapanda mama mmoja mwenye sare nyeupe na mkoba wa vyombo.

Vyombo! Ni vya kuchapia, bila shaka, nami nimemwambia Reginald abaki na mashine yake. Eliaichi nimemwagiza, kama karani alivyosema, aoge, ajilaze, amngojee mama.