Ndizi za Mzee Eliakim Zaachia Breki

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mzee Eliakim kanikabidhi ufunguo wa stoo yake hapa Tunduma. Imejaa mikungu mibichi ya ndizi inayosubiri lori la kuvuka mpaka kwenda Nakonde siku ya Ijumaa. Wateja wa ng'ambo wanazitaka za kijani, ngumu. Kasema nikizilinda vizuri atampokea mshenga wangu Jumapili baada ya ibada. Yaani Anastazia, binti yake! Deus wa uwakala wa forodha, naye anayemmezea mate, hakupewa hata kufuli. Ila mzee ananitisha. Hapandishi sauti. Anakutazama tu, unatamani kukimbia.

Jioni nimepata akili. Mama yake Anastazia anapenda ndizi mbivu. Nimetia mkungu wangu mmoja kwenye gunia pamoja na maparachichi mabivu, nikauvumbika kwenye kona ya stoo. Nani atajua?

Jumatano, 14 Mei

Harufu tamu tangu mlangoni. Mkungu wangu umeanza manjano. Safi! Mikungu ya mzee iliyo karibu nao pia. Si safi hata kidogo!

Nimempigia dada Enesi, mwalimu wa baiolojia kule Igamba. Kasema tunda likiiva hutoa hewa iitwayo ethilini. Ndani ya chembe za ndizi kuna protini za kuipokea. Hewa isipokuwepo, protini hizo zinakanyaga breki, ndizi haiivi. Hewa ikizinasa, zinaachia. Kisha ndizi nayo inatoa hewa yake, jirani anaambukizwa. Nikauliza kinga. Kasema kwenye maghala makubwa hutumia hewa nyingine, inayowahi kukalia protini bila kuachia breki. Mimi nitoe maparachichi, nifungue madirisha, nimwambie mzee. Maparachichi nimeyatupa nyuma ya stoo, madirisha nimefungua, hilo la mwisho nimelipita.

Nikauliza kama binadamu naye ana protini hizo, maana nashinda humo ndani. Kacheka, kakata simu. Hakujibu! Nimejitazama kwenye kioo. Nina mvi.

Alhamisi, 15 Mei

Hewa nyingine, kasema. Kwani moshi si hewa? Nimefunga madirisha ili Deus asinuse, nikawasha majani makavu kwenye sufuria, nikakaa nje kulinda. Nilijisikia mtaalamu.

Mama yangu kapita, kaona moshi chini ya mlango, kauliza navumbika ndizi za nani nyingi hivyo. Kasema bibi alivumbika hivyo hivyo kwa moshi, na hazikuchelewa. Nimemwandikia Enesi. Kajibu kwamba moshi wenyewe una ethilini. Sijala.

Ijumaa, 16 Mei

Stoo nzima ya njano. Ezron, dereva wa lori, kagoma kupakia. Kasema zitafika Nakonde zikiwa uji.

Mzee akaja. Akauliza kwa upole nani kavumbika. Nikasema joto. Kisha nikasema panya. Kisha, Mungu anisamehe, nikamtaja Deus. Mzee akazunguka nyuma ya stoo, akarudi akaagiza ndizi zitolewe. Ndizi zikauzwa kwa bei ya kutupa kando ya foleni ya malori.

Jumapili, 18 Mei

Mshenga kaambiwa asubiri. Baada ya ibada Anastazia alinivuta kando ya kanisa, macho yamejaa machozi.

"Osea, baba aliyaona maparachichi yako Ijumaa ileile. Anangoja uje useme mwenyewe. Ukisema leo, kesho mshenga anakaribishwa ndani."

Nampenda mno binti huyu. Nikaenda moja kwa moja hadi langoni kwao. Mzee alikuwa barazani, peke yake, na kiti kitupu kimewekwa mbele yake. Nikageuka.

Lakini sijakata tamaa! Nimefikiri njia nzima. Mzee naye ni kiumbe hai. Lazima ana protini zake, nazo zimekanyaga breki. Kinachokosekana ni hewa tu. Nimenunua mapapai mabivu, yale ya kunukia kabisa, nimepitia nyuma ya nyumba na kuyapanga chini ya dirisha lake. Nampa hadi Alhamisi.